Kwa nini lugha ngeni ikisemwa kwenye daladala, dukani au kazini wengine wanakasirika? Tulichambue (Tanga)

MwanaNgamiani:
Wakuu, salaam.

Gari limejaa kutoka stendi ya Kange. Abiria wawili siti ya nyuma wanaongea Kikachchi cha Wahindi, au Kichina, au Kisambaa cha milimani. Hawajamgusa mtu. Kabla gari halijafika mjini, mtu anageuka: "Ongeeni Kiswahili bwana, mnatuteta." Dukani ni hivyo hivyo. Mteja anauliza bei ya beringi, mwenye duka anamgeukia mwanawe kwa Kigujarati, maneno matano tu, na sura ya mteja imeshabadilika.

Naomba tusiishie kwenye "huo ni ubaguzi" wala "huo ni utovu wa adabu". Tulifungue jambo lenyewe. Naanza na sikio, kwa sababu hasira nyingi zinaanzia hapo kabla mtu hajafikiri chochote.

Maneno yakisemwa hayana nafasi katikati. "Nimekwenda sokoni kununua samaki" hutoka mdomoni kama kitu kimoja, na anayeijua lugha ndiye anayeyatenganisha kichwani. Asiyeijua hawezi, ndiyo maana kila lugha ngeni huonekana inasemwa mbio na bila pumzi. Lakini watafiti waliopima lugha 17 na kuchapisha matokeo mwaka 2019 walikuta zote hubeba habari kwa kasi inayokaribiana, wastani wa biti 39 (biti ni kipimo cha habari) kwa sekunde. Yenye silabi nyingi kwa sekunde hubeba kidogo katika kila silabi, yenye silabi chache hubeba zaidi. Kwa hiyo "wanapayuka haraka haraka" ni habari ya sikio la msikilizaji.

La pili ni toni. Kiswahili hakina toni za kubadili maana ya neno. Tuna mkazo, nao karibu kila mara uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sisi tukipandisha sauti ghafla, maana yake ni swali, mshangao au ugomvi. Kichina cha Mandarin kina toni nne, na hizo ni sehemu ya neno kama zilivyo herufi. Kisambaa nacho kina toni. Mtu aliyezaliwa na Kiswahili peke yake anasikia sauti ikipanda na kushuka, anatafsiri kwa kanuni za kwao, na jibu analopata ni "wanagombana" au "wana hasira". Kumbe wanaulizana habari za mvua.

La tatu ni kupaza sauti. Ndani ya gari lenye injini na muziki kila mtu hupandisha sauti bila kujijua. Daktari Mfaransa Étienne Lombard aliliandika hilo mwaka 1911 na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Anayeongea Kiswahili akipaza tunasikia maneno, hatuhisi ukubwa wa sauti. Anayeongea lugha ngeni akipaza, tunabaki na sauti tupu.

La nne, simu. Utafiti wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa kusikia upande mmoja wa mazungumzo kunavuruga akili kuliko kusikia pande zote mbili, kwa sababu ubongo unajaribu kukisia upande uliofichika. Ndiyo maana mwenye simu ya lugha ngeni anakera mara mbili.

Karibuni.

Sikio_la_Pwani:
Mkuu MwanaNgamiani, hapo kwenye simu naomba nikusahihishe. Utafiti huo ninaufahamu. Washiriki walifuata nukta kwenye skrini kwa kipanya huku wakisikia mazungumzo. Upande mmoja wa simu uliwavuruga kweli. Lakini watafiti walirudia jaribio wakiwa wameichuja sauti mpaka maneno hayaeleweki, na usumbufu ule ukatoweka. Yaani kinachovuruga ni kukisia *maneno*. Lugha usiyoielewa kabisa haikupi cha kukisia, kwa hiyo sababu hiyo haisimami kwa Kichina kwenye daladala.

Inayosimama ni nyingine. Mwaka 1976 watafiti Colle na Welsh waliwapa watu herufi za kukariri kwa mpangilio huku wakiwapigia maneno ya Kijerumani wasiyoyajua. Makosa yaliongezeka. Maongezi ya binadamu hupenya kwenye kumbukumbu ya muda mfupi hata pasipo maana. Anayehesabu pesa au kukariri oda huku pembeni watu wanaongea ataharibu hesabu, iwe wanaongea Kiswahili au Kihindi. Tofauti ni kwamba akiharibu kwa Kiswahili anasema "ngoja kwanza, nimepotea". Akiharibu kwa Kihindi anawalaumu Wahindi.

Na kuna la tano umeliacha, nalo kwa Tanga ndilo zito zaidi: maneno yetu yaliyomo ndani ya lugha zao. Kigujarati na Kikachchi cha Afrika Mashariki kimeazima kutoka Kiswahili: fagio, sufuria, kisu, mogo kwa muhogo, jugu kwa njugu. Msikilizaji amekaa kwenye mkondo asiouelewa, ghafla anasikia "fagio". Sikio linasimama. Majaribio ambayo kila sikio hupewa maneno yake tofauti yamekuta karibu theluthi moja ya watu hulinasa jina lao likitajwa upande ambao hawakuwa wakiusikiliza. Sasa fikiria mfanyakazi wa dukani anasikia jina lake, kisha sekunde kumi za asiyoyaelewa, kisha "kisu", kisha kicheko. Hapo ndipo "wananiteta" inapozaliwa, na aliyeisema hadanganyi. Amepewa vipande vitatu vya picha, akajaza vilivyobaki kwa woga wake.

Kinyume chake pia kipo: sauti za lugha nyingine zinazofanana na matusi yetu. Neno la Kijapani la mnyama dubu, kwa sikio la Kiswahili, ni tusi la nguoni. Akilisema mtu mbele ya watoto, hakuna atakayengoja ufafanuzi.

BintBonde:
Kaka zangu, sikio nimelielewa. Lakini sikio haliwezi kuwa jibu lote, kwa sababu haliwi na ukali kwa lugha zote.

Wawili wakiongea Kiingereza kwenye gari hilo hilo, nani atawaambia waongee Kiswahili? Watu wanatega sikio, na wengine wanajipandisha hadhi kwa kukaa karibu nao. Kiarabu cha dua wengi garini hawakielewi neno kwa neno, na hakimkeri mtu. Kisambaa, Kibondei, Kizigua vikisemwa kwa sauti ile ile, neno linalotoka ni "ushamba". Kigujarati kinaitwa majivuno. Kichina kinaitwa njama. Lawama inabadilika kufuatana na nani anaongea, wakati sikio la msikilizaji ni lile lile. Anayelalamika anasema "lugha", lakini alichokwisha kukipima ni mtu.

Tena tuna ushahidi wa nyumbani kwamba hofu ya kutetwa haihitaji mgeni. Waswahili wenyewe tuna kinyume: unachukua silabi ya mwisho unaiweka mbele. Maji yanakuwa *jima*, mgeni anakuwa *nimge*. Watoto wa pwani wanaicheza mpaka inatoka kama maji, na kazi yake ni kumficha aliyekaa pale pale. Mtu aliyekua akijua lugha inaweza kutumika hivyo, akisikia asichokielewa, dhana ya kwanza ni kwamba amefanyiwa kinyume.

MwanaNgamiani:
Sikio_la_Pwani, nimekubali, la simu nimelikosea. Ila kama mwenye simu anachanganya Kiswahili na lugha yake, nusu kwa nusu, basi cha kukisia kinakuwepo. Huo ndio uongeaji wa simu wa watu wengi mjini hapa.

BintBonde, umegusa penyewe. Na kwa Tanga lina mizizi. Mkonge uliletwa upande huu mwaka 1893, na mashamba yakavuta manamba kutoka kila kona ya nchi na nje yake. Kambi moja ilikuwa na makabila kumi na kilichowaunganisha ni Kiswahili. Shule ya serikali ya Wajerumani iliyofunguliwa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilifundisha kwa Kiswahili. Kwa hiyo hapa Kiswahili hakikuwa lugha ya mwenyeji tu. Kilikuwa jamvi ambalo kila mmoja aliacha chake nje ili akalie. Anayeongea lugha nyingine mbele ya watu anaonekana kama ameinuka jamvini akawapa wenzake mgongo, hata kama yeye hakulifikiria hilo hata kidogo.

Sasa bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima linaishia Chongoleani, na wanahisa wake ni wa Ufaransa, China, Uganda na Tanzania. Lugha zitaongezeka, na wengi wa wenye nazo wanakuja kwa mkataba na kuondoka. Waja leo waondoka leo imepata maana nyingine.

UstaadhMakorora:
Assalaam alaykum. Wengi wanaokataza lugha ngeni mbele za watu hapa kwetu wanataja hadithi ya kunong'ona, na wengi wanaitaja nusu. Naiweka yote, kwa sababu ndani yake mna kipimo ambacho mmekuwa mkikitafuta tangu juu.

Maana ya hadithi, iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Masud: mkiwa watatu, wawili wasinong'onezane wakamwacha mwenzao mpaka mchanganyike na watu, kwa kuwa hilo litamhuzunisha. Imam Nawawi, katika Riyadhus Swalihin, kwenye kichwa cha mlango huo alieleza wazi kwamba kuongea kwa lugha asiyoielewa yule wa tatu kunaingia katika maana hiyo hiyo. Kwa hiyo wanaosema dini imeligusa jambo hili wana haki. Limeguswa, na miaka zaidi ya 700 iliyopita mwanachuoni aliitaja lugha waziwazi.

Lakini someni masharti. Moja, ni *watatu*. Mbili, *mpaka mchanganyike na watu*. Tatu, sababu imetajwa: *litamhuzunisha*, kwa kuwa amebaki peke yake. Ibn Umar, sahaba wa Mtume, alipoulizwa kuhusu wanne alijibu kwamba haidhuru. Imepokewa pia katika Muwatta, kitabu cha Imam Malik, kwamba alikuwa sokoni na mwenzake, akaja mtu kutaka kuzungumza naye faragha. Ibn Umar akamwita mtu wa nne, ndipo akazungumza faragha na yule mwenye shida, ili aliyebaki awe na mwenziwe. Tazameni alivyofanya: hakukataa faragha, wala hakumwambia yule aseme kwa sauti. Aliondoa upweke.

Basi daladala yenye watu ishirini si watatu. Pale watu wamekwisha kuchanganyika, na anayewakataza wawili kuongea lugha yao kwa kutumia hadithi hii ameitoa mahali pake. Lakini dukani, mwenye duka, mwanawe na mteja mmoja? Hao ni watatu kamili. Hapo mteja ana haki yake na haipaswi kudharauliwa. Hata ofisini, wawili wa kabila moja na mmoja wa kabila jingine, hukumu ni hiyo.

Nawawi ameongeza pia: bila idhini yake, na isipokuwa kwa haja. Maana yake ukiomba idhini, mlango umefunguka.

Sikio_la_Pwani:
Ustaadh, Mungu akuzidishie. Wasomi wa lugha na jamii walikuja kwenye mgawanyo huo huo kwa njia yao. Erving Goffman, na baada yake Allan Bell mwaka 1984, waliwatenga wasikilizaji kwa ngazi: anayeambiwa, aliyemo kwenye mazungumzo bila kuambiwa moja kwa moja, anayesikia tu kwa kuwa yupo karibu, na anayedukua. Hasira ya aliyemo ni halali, kwa sababu ametolewa kwenye kitu alichokuwa ndani yake. Aliye karibu tu hajatolewa kokote. Matatizo yote ya daladala yanatokana na mtu wa ngazi ya tatu kudai haki ya ngazi ya pili.

Mkalimani_Raskazone:
Niongezee upande wa kazi, kwa sababu kwenye vikao vya ujenzi, bandarini na viwandani jambo hili linagharimu pesa na wakati mwingine viungo vya watu.

Kosa la kwanza ni mkalimani kumeza. Wageni wawili wanajadiliana dakika tatu, mkalimani anawageukia mafundi: "Wamesema sawa." Kila fundi anajua dakika tatu si neno moja. Kuanzia hapo kikao kimekufa. Dawa yake: wakianza kujadiliana wenyewe, mkalimani aseme kwa sauti mara moja, "Wanajadiliana kuhusu siku ya kumwaga zege, wakimaliza nitawaambia." Sekunde tano. Hajafichua siri yoyote, lakini ametaja *mada*, na mada ndiyo inayoua dhana ya kutetwa. Wakimaliza atoe muhtasari unaolingana na urefu wa walichosema.

Utaratibu mwingine: tafsiri kila baada ya sentensi mbili au tatu, usingoje hotuba. Sema kwa nafsi ya kwanza kama alivyosema mwenyewe, usiseme "anasema kwamba". Kunong'oneza sikioni kunafaa kwa msikilizaji mmoja au wawili. Wakizidi hapo, simama useme kwa sauti, kwani mnong'ono katikati ya kikao unawarudisha wote kwenye ile shaka.

Tafsiri ikipitia lugha mbili, Kichina kwenda Kiingereza kisha Kiswahili, panga muda mara mbili na zaidi, na linda vitu vitatu:

*Namba.* Kichina kina neno moja, wàn, la elfu kumi. 15 wàn ni 150,000. Mkalimani aliyechoka anasema elfu kumi na tano. Upande wetu tuna laki, ambayo ni 100,000. Namba zote ziandikwe kwa tarakimu ubaoni.

*Saa.* Saa mbili asubuhi ya Kiswahili ni 8:00. Lori la zege likiagizwa kwa "saa nne" na lisifike 10:00, ugomvi unakuwa wa "hawa hawatujali". Andika tarakimu na useme asubuhi au jioni.

*Ndiyo.* "Hamjalipwa?" Mswahili anajibu "ndiyo", maana yake ni kweli hatujalipwa. Mchina naye anajibu hivyo hivyo. Ila katikati kuna Kiingereza, ambacho "ndiyo" yake hapo humaanisha tumelipwa. Pande mbili zinazoelewana zinagombanishwa na lugha ya kati. Usiulize swali la kukanusha. Uliza "mmelipwa?"

Kuhusu kanuni ya lugha moja kazini: iweke pale tu ambapo kutoelewana kunaua. Winchi ikiinua mzigo, umeme ukikatwa, moto, redio. Meli zina misemo ya pamoja iliyopitishwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini mwaka 2001, kwa Kiingereza, ili nahodha wa taifa lolote aelewane na gati. Hapo hakuna mjadala. Chai ikifika, kila mtu na lugha yake. Ukiandika tangazo la "Kiswahili tu, muda wote" unazalisha wadukuzi: watu wanaanza kuwinda nani ameteleza.

MsomajiPangani:
Hilo la kuwinda lina historia chafu. Wales katika karne ya 19, mtoto aliyesikika akisema Kiwelisi shuleni alivishwa kipande cha ubao shingoni, na alikivua kwa kumsikia mwenzake akikosea na kukipitisha kwake. Aliyekutwa nacho mwisho wa siku alichapwa. Kenya walikuwa nacho kwa jina la monto. Hata kwetu zipo shule zilizovisha watoto kibao kwa kusema Kiswahili, katika nchi ambayo Kiswahili ni lugha ya taifa.

Na kwa watu wazima: Marekani, tarehe 23 Mei 1918, gavana wa jimbo la Iowa, William Harding, alitangaza kuwa Kiingereza tu ndicho kitumike shuleni, kwenye treni, hadharani, hata kwenye simu. Ilikuwa wakati wa vita na Ujerumani, lakini lugha nyingine zote za wahamiaji zilifagiliwa humo humo. Uturuki, mwaka 1928, wanafunzi wa sheria walianzisha kampeni ya "Mwananchi, ongea Kituruki", na waliobanwa barabarani ni Wayahudi, Wagiriki na Waarmenia. Kote huko manung'uniko kama haya ya ndani ya gari yalipata mhuri.

Kwetu, Katiba ya 1977 ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kueleza fikra zake, na ibara ya 13 inakataza ubaguzi, ikitaja utaifa, kabila na mahali mtu alipotoka. Kondakta hana mamlaka ya kumshusha mtu kwa sababu ya lugha.

Mzee_wa_Gati:
Ndugu zangu, yote nimeyasoma na nimefaidika. Lakini yupo mtu amezaliwa hapa, baba yake kazaliwa hapa, ana duka mjini, na Kiswahili chake ni cha kuamrisha tu: "leta, weka, ondoka." Huyo naye tumwache?

BintBonde:
Shikamoo mzee wangu. Hapana, tusimwache, lakini tumshike penye kosa lake. Kosa halipo kwenye Kigujarati anachosema na mkewe. Lipo kwenye Kiswahili chake. Ametuwekea sisi kitenzi cha amri peke yake: hakuna "naomba", hakuna "tafadhali", hakuna "habari za nyumbani". Hata akiacha Kigujarati kesho, akasema Kiswahili hicho saa ishirini na nne, mfanyakazi wake ataendelea kuumia. Mwambieni hilo moja kwa moja: "Bwana, sema naomba." Mkimwambia "acha lugha yenu" mmemsaidia kukwepa.

Mkalimani_Raskazone:
Marahaba kwa niaba ya mzee. Namalizia na ya dukani, maana Ustaadh amesema wale ni watatu kamili.

Mjibu mteja kwanza, hata kama jibu ni "subiri kidogo". Ukihitaji kuuliza kwa lugha yako, taja mada: "Namuuliza kama stoo ipo." Hapo umeomba idhini. Usimtazame mteja wakati unaongea lugha asiyoijua, wala usimnyooshee kidole au kidevu. Mtazame unayemwambia, au rafu yenye mali. Jina la mfanyakazi aliyepo usilitaje ndani ya lugha nyingine, na kama ni lazima, mgeukie umwambie ulichosema. Bei isemwe kwa Kiswahili, na iwe ile ile kabla na baada ya kuulizana. Bei ikipanda baada ya maneno ya Kigujarati, hakuna maelezo yatakayomridhisha mteja huyo, hata kama beringi ya kwanza ilikuwa ya China na ya pili ya Japani. Ziweke zote mbili juu ya kaunta, aone maandishi kwenye boksi.

Mzee_wa_Gati:
Marahaba binti. Ya boksi juu ya kaunta nimeielewa. Nitawapelekea maneno haya.